Krete: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miamba, matetemeko na kupanda kwa kisiwa

Wengi wetu jina la Krete tulilisikia kwanza kanisani: Tito aliachwa huko na Paulo atengeneze mambo yaliyosalia, na merikebu ya Paulo ilipita ubavuni mwa kisiwa hicho kabla ya kuvunjikia Malta. Wengine tulilikuta katika somo la historia, kwenye sura ya Waminoa, watu wa kale wa Krete, na kasri lao la Knossos. Jiolojia yake haisimuliwi sana kwa Kiswahili, na mimi naona ni hasara, kwa sababu hadithi ya Krete inaanzia Afrika. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye jambo moja: chini ya Krete inapita sakafu ya bara letu.

Krete ni kubwa kiasi gani, na iko wapi hasa?

Iko kusini kabisa mwa Ugiriki, katikati ya Bahari ya Aegea upande wa kaskazini na Bahari ya Libya upande wa kusini. Ni ndefu na nyembamba: takriban kilomita 260 kutoka magharibi hadi mashariki, ila kwenye shingo ya Ierapetra upana wake ni kama kilomita 12 tu. Eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 8,300, yaani Unguja tano zinaingia humo.

Kinachomshangaza mgeni ni urefu wa milima. Psiloritis, ambao Wagiriki wa kale waliuita Ida, una mita 2,456. Milima Myeupe ya magharibi, Lefka Ori, inaishia kilele cha Pachnes chenye mita 2,453. Yote hiyo iko juu ya kisiwa ambacho mtu anaweza kukivuka kwa gari asubuhi na akala chakula cha mchana ufuo wa pili. Na ukiendelea kusini baharini, sakafu inaporomoka hadi kina cha maelfu ya mita. Milima mirefu hivyo kando ya shimo refu hivyo haitokei bure.

Ni kitu gani kinachoendelea chini ya kisiwa?

Ganda la dunia limegawanyika katika mabamba. Bamba la Afrika linakwenda kaskazini polepole, na sehemu yake ya mbele, iliyo chini ya Bahari ya Mediterania ya mashariki, ni sakafu ya bahari ya kale: nzito, baridi, iliyofunikwa na mchanga na tope la mamilioni ya miaka. Ikifika kusini mwa Krete haina pa kwenda ila chini. Inajipinda, inaingia chini ya bamba dogo la Aegea, inateremka kuelekea kaskazini. Matetemeko yanayotokea ndani ya bamba hilo linalozama yamepimwa hadi kina cha zaidi ya kilomita 150 chini ya Aegea ya kusini, kwa hiyo njia yake inajulikana vizuri.

Mstari mzima wa tukio hili hauishii Krete. Unaanzia magharibi mwa Ugiriki bara, unapinda kama upinde ukipita kusini mwa Peloponnese, Kithira, Krete, Kasos na Karpathos, hadi Rhodes na pwani ya Uturuki. Wanajiolojia wanauita Upinde wa Heleni. Krete ndiyo katikati ya upinde.

Mnasema Afrika inazama. Je, ni bamba hilihili tunalokaa sisi?

Swali zuri, na jibu lake linategemea unasoma ukiwa wapi. Bonde la Ufa linaligawa bara. Upande wa magharibi kuna bamba la Nubia, upande wa mashariki bamba la Somalia, na kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, kulizunguka Ziwa Viktoria, kuna kipande kingine kidogo kinachoitwa bamba la Viktoria. Ukiwa Kisangani au Kairo, uko juu ya Nubia, na ukingo wa kaskazini wa hilo unalolikanyaga ndio unaozama chini ya Krete. Ukiwa Mombasa, Dar es Salaam au Nairobi, uko upande wa Somalia, ambao unajitenga na Nubia kwa milimita chache kila mwaka.

Kwa hiyo bara moja lina hali mbili. Huku kwetu linavutwa na kuchanika, na ndiyo maana tuna mabonde marefu, maziwa yenye kina kirefu, Ol Doinyo Lengai na Nyiragongo. Kule kaskazini linabanwa na kumezwa. Tetemeko la Bukoba la Septemba 2016 na matetemeko ya Krete yanatokana na nguvu za namna tofauti, lakini nyumba inapoanza kutikisika aliyemo ndani haoni tofauti yoyote.

Kasi yake ni ipi?

Hapa watu wengi hukosea. Nubia yenyewe inaisogelea Ulaya kwa milimita 5 hadi 10 tu kwa mwaka. Lakini vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba Krete nayo haijakaa ikingoja: bamba la Aegea linakwenda kusini-magharibi kwa takriban milimita 30 kwa mwaka. Ukijumlisha, vitu hivi viwili vinakutana kwa kasi ya karibu milimita 35 kwa mwaka. Tangu tetemeko kubwa la mwaka 365, nitakalolieleza chini, hadi leo hii, hiyo ni zaidi ya mita 55, nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Kwa nini Krete iende kusini wakati inasukumwa kutoka kusini?

Kwa sababu haisukumwi tu, inavutwa pia. Mtu aliyewahi kushusha nanga ataelewa haraka. Mnyororo ukishaanza kuteremka ubavuni mwa chombo, sehemu iliyokwisha kuning'inia inavuta iliyobaki. Kadiri unavyozidi kushuka ndivyo unavyokimbia zaidi. Sakafu ya bahari iliyozama chini ya Aegea ni nzito kama mnyororo huo. Inaning'inia, inavuta, na mahali inapojipindia panarudi nyuma kuelekea Afrika. Ardhi iliyo juu inalazimika kuufuata ukingo huo, na kwa kufuata inanyooshwa.

Ndiyo maana Bahari ya Aegea imejaa visiwa. Zamani palikuwa na nchi kavu yenye milima. Ikanyooshwa, ikawa nyembamba, ikakatikakatika, ikazama, na vilele vilivyobaki ndivyo visiwa vya Kikladi. Krete imekaa mbele kabisa, ukingoni, pale ambapo kunyooshwa na kubanwa vinakutana. Katika kisiwa kimoja utakuta nyufa za miamba za mvutano nchi kavu, na baharini upande wa kusini nyufa za mbano. Sijui kisiwa kingine cha ukubwa huu kinachoonyesha mambo hayo mawili waziwazi namna hii.

Miamba ya Krete ni ya aina gani?

Jibu la haraka ni mawe ya chokaa. Jibu la kweli ni kwamba Krete ni rundo. Ni mikeka mikubwa ya miamba iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, kila mkeka ukitoka sehemu tofauti ya bahari ya kale, ikasukumwa na kupandishana Afrika ilipokuwa ikikaribia.

Mkeka wa chini kabisa unaoonekana ni chokaa ya vibamba: tabaka nyembamba za kijivu zilizogeuka kuwa kama marumaru, na katikati yake mistari ya gumegume, jiwe lilelile la bunduki za kale. Karibu na monasteri ya Vosakos, kaskazini mwa Psiloritis, barabara imekata mlima na tabaka hizo ziko wazi. Zimekunjwa kwa pembe kali, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama ukili unaosukwa. Ukikaribia unaona mstari mmoja wa gumegume, mweusi, upana wa viganja viwili hivi, ukipanda, ukikata kona ghafla, ukishuka. Gumegume ni jiwe kavu, ukilipiga nyundo linatoa vipande vyenye makali ya kisu. Hapa limepinda. Mimi nilisimama pale muda mrefu. Kwa jiwe kama hilo kupinda bila kusagika, linahitaji kuwa kilomita nyingi chini ya ardhi, kwenye joto, na kubanwa taratibu sana.

Juu yake umelala mkeka wa filaiti na kwatzi: mawe ya zambarau, kijani na kijivu, yanayong'aa na kuteleza mkononi. Huu ndio ninaoupenda kuliko yote. Madini yaliyomo hutokea tu pale ambapo mgandamizo ni mkubwa mno na joto si kali sana, na hali hiyo hupatikana ndani ya bamba linalozama kwa haraka. Yaani mawe haya yalimezwa, yakafika zaidi ya kilomita 30 chini, kisha yakarudi juu, miaka milioni 20 hivi iliyopita. Leo watoto wanayakanyaga wakienda shule.

Na yana tabia yake. Chokaa hunywa maji, filaiti huyakataa. Kwa hiyo penye filaiti kuna chemchemi na udongo usio na chokaa, na mti wa chestnut, usioipenda chokaa, unastawi. Kijiji cha Elos, magharibi, kinajulikana kwa chestnut zake. Ukiona mlima mweupe mkavu halafu ghafla bonde la kijani lenye miti mikubwa, mara nyingi umevuka mpaka wa miamba bila kujua.

Juu zaidi zinafuata chokaa nene ya Tripolitza, kisha mkeka wa Pindos wenye tabaka za bahari ya kina kirefu, na juu kabisa mabaki machache ya sakafu halisi ya bahari, mawe ya kijani kibichi na meusi. Wasomaji wetu walioko Oman wanayajua mawe ya namna hiyo kuliko mtu yeyote: milima ya Hajar, nyuma ya Maskati, ndiyo mahali maarufu zaidi duniani pa kuyaona. Krete ilibakiwa na vipande tu.

Ni kweli kisiwa kiliwahi kuruka juu kwa siku moja?

Upande wa magharibi, ndiyo, kwa kadiri ushahidi mkubwa unavyoonyesha.

Ukitembea pwani ya kusini-magharibi, maeneo ya Paleochora na Elafonisi, tazama majabali ya chokaa. Wenye kuishi Mombasa, Unguja au Kilwa wanajua mawimbi yanavyoila miamba ya matumbawe pale usawa wa maji, hata jiwe likabaki kama uyoga, limekatwa chini na limetokeza juu. Mkato huohuo upo Krete. Lakini haupo majini. Uko juu, mita kadhaa juu ya kichwa chako, mstari uliopauka unaokwenda na ufuo kilomita baada ya kilomita, kama alama ya sabuni inayobaki kwenye beseni maji yakishamwagwa. Ukipanda ukaukaribia, jiwe limejaa matundu laini yanayoingia kidole. Yametobolewa na kome wanaoishi ndani ya mawe ya baharini, na katika baadhi ya matundu magamba yao bado yamo. Kome huyo hawezi kuishi nje ya maji.

Magamba hayo na viumbe wengine wa ufukweni wamepimwa umri kwa kaboni, na wengi wanaangukia karne za kwanza baada ya Kristo. Kwenye pembe ya kusini-magharibi ufuo ulipanda hadi mita 9. Kuelekea mashariki kiwango kinapungua polepole.

Tarehe inayotajwa ni 21 Julai 365. Asubuhi hiyo tetemeko lilitikisa Mediterania ya mashariki, na likafuatwa na tsunami. Ammianus Marcellinus, askari aliyegeuka mwandishi wa historia, ameandika jinsi bahari ilivyorudi nyuma, watu wakaingia kwenye tope kuokota samaki kwa mikono, kisha maji yakarejea kwa kishindo; huko Aleksandria merikebu zikatupwa juu ya paa za nyumba. Anasema yeye mwenyewe aliona chombo kilichokuwa kikioza mbali na ufuo karibu na Mothone, Ugiriki. Ukubwa wa tetemeko hilo unakadiriwa kuwa 8.3 hadi 8.5.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya kila kitu. Wengi wanasema ufa mmoja mkubwa wa mbano, uliopanda kutoka mpaka wa mabamba, ulichanika mara moja. Wengine, hasa tangu 2021, wanasoma umri wa magamba kwa namna nyingine na kusema kupanda huko kulifanywa na matetemeko kadhaa katika karne chache, na kwamba nyufa za mvutano nazo zina mkono wake. Mimi naona hoja ya tetemeko moja bado ina nguvu zaidi, kwa sababu mkato wa juu ni mkali na umesalia vizuri. Bahari ingepata muda, ingeufuta.

Bandari ya Falasarna ilipatwa na nini?

Falasarna ilikuwa mji wa mabaharia kaskazini-magharibi mwa kisiwa. Bandari yake ilichongwa ndani, ikizungukwa na ukuta na minara, ikiunganishwa na bahari kwa mfereji. Leo iko nchi kavu, kama mita 100 kutoka majini, na imepanda zaidi ya mita 6. Unasimama kwenye gati, unatazama chini, unaona majani makavu na kondoo.

Na Foinike, ile bandari ambayo mabaharia wa Paulo walitaka kuifikia wapitishe majira ya baridi? Inadhaniwa ilikuwa karibu na Loutro ya leo, pwani ya kusini. Sehemu hiyo nayo ilipanda mita kadhaa. Wasomi waliobishana ni ghuba ipi kati ya zilizopo ilifaa merikebu kubwa ya nafaka walikuwa wanatazama ufuo ambao Paulo hakuuona.

Je, kisiwa chote kinapanda?

Hapana. Mashariki mambo yamekwenda kinyume. Huko Elounda, kuta za mji wa Olous ziko chini ya maji. Siku ambayo bahari imetulia unaziona ukiwa umesimama ufukweni. Mochlos, uliokuwa umeungana na nchi kavu enzi za Waminoa, sasa ni kisiwa kidogo. Nyufa za mvutano zimeikata Krete vipande, na kila kipande kina mwendo wake. Ufa wa Ierapetra unaonekana wazi hata kwa asiye mtaalamu: ukuta wa mlima ulionyooka, na katikati yake korongo la Ha, jembamba kama mpasuko wa shoka.

Hata hivyo ukihesabu mamilioni ya miaka, kisiwa kwa jumla kimepanda. Miaka milioni chache iliyopita sehemu kubwa ilikuwa chini ya maji na milima ilikuwa visiwa vilivyotawanyika. Marlo, udongo laini mweupe wenye chokaa unaolimwa zabibu kuzunguka Heraklion, ni tope la bahari hiyo.

Krete ina volkano?

Haina, na haitegemewi kupata. Ili magma itengenezwe, bamba linalozama linapaswa kufika kina ambacho maji yaliyomo kwenye miamba yake yanatoka na kuyeyusha miamba ya moto iliyo juu. Chini ya Krete bado halijafika kina hicho. Linafika kaskazini zaidi, na ndiyo maana volkano zimejipanga mstari wa pili nyuma ya kisiwa: Methana, Milos, Santorini, Kolumbo iliyo chini ya bahari, na Nisyros.

Mlipuko wa Santorini ndio uliowaangamiza Waminoa?

Santorini iko zaidi kidogo ya kilomita 100 kaskazini mwa Krete. Ililipuka takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo. Mjadala wa mwaka kamili haujaisha. Ulikuwa mlipuko mkubwa mno. Katikati ya kisiwa ikaporomoka ikabaki kaldera, yaani shimo kubwa la volkano, iliyojaa bahari, na mji wa Akrotiri ukafunikwa na majivu na yale mawe mepesi yenye vitundu, ndugu wa jiwe tunalosugulia miguu. Majivu yalifika mashariki mwa Krete, na kule Palaikastro kuna tabaka la vifusi vilivyoletwa na tsunami.

Spyridon Marinatos, mwanaakiolojia Mgiriki, ndiye aliyetoa hoja mwaka 1939 kwamba mlipuko huo uliiangusha jamii ya Waminoa. Hoja ilipendwa sana na bado inarudiwa kila mahali. Lakini vyungu vinakataa: juu ya majivu ya Santorini, Krete, kuna nyumba zilizojengwa na vyungu vya mitindo mipya. Kasri nyingi zilichomwa baadaye, vizazi kadhaa baada ya mlipuko. Pigo lilikuwa kubwa, hasa kwa bandari za kaskazini. Kusema lilimaliza kila kitu ni kuwanyima Waminoa miaka waliyoishi baada yake.

Na matetemeko ya Santorini ya 2025?

Kuanzia mwisho wa Januari 2025 ardhi kati ya Santorini na Amorgos ilitikisika maelfu ya mara, tetemeko kubwa kuliko yote likizidi kidogo 5. Zaidi ya watu 11,000 waliondoka kisiwani, shule zikafungwa. Uchunguzi umeonyesha kwamba magma ilikuwa inajipenyeza kwenye ganda la dunia bila kufika juu. Watu walikuwa na haki ya kuogopa: karibu na hapo, 9 Julai 1956, tetemeko la Amorgos la zaidi ya 7 liliua watu zaidi ya 50 na kuleta tsunami, na mwaka 1650 Kolumbo ililipuka chini ya maji, ikaua kwa gesi na mawimbi.

Tetemeko kama la 365 litarudi lini?

Hakuna awezaye kutaja siku, na anayetaja usimsikilize. Kilichokadiriwa ni hiki: ufa uleule wa magharibi mwa Krete huenda ukahitaji miaka ipatayo 5,000 kujikusanyia nguvu tena, lakini ukiuchukua Upinde wa Heleni wote, tukio la ukubwa huo linaweza kuja kila baada ya miaka 800 hivi. La mwisho la kulinganishwa nalo lilitokea 8 Agosti 1303, upande wa mashariki, kati ya Krete na Rhodes. Nalo lilileta tsunami na kuudhuru mnara wa taa wa Aleksandria.

Yanayosumbua watu zaidi ni yale ya wastani. Tarehe 27 Septemba 2021 tetemeko la 6.0 lilipiga Arkalochori, kusini-mashariki mwa Heraklion, kwenye ufa wa nchi kavu. Fundi mmoja alifariki ndani ya kanisa dogo alilokuwa akilikarabati, na maelfu ya majengo yakaharibika, hasa nyumba za mawe za vijijini. Wiki mbili baadaye, 12 Oktoba, la 6.4 likatokea baharini mashariki, na madhara yakawa madogo sana. Namba kubwa zaidi, hasara ndogo zaidi: kilichoamua ni umbali, kina, na namna nyumba ilivyojengwa.

Kwa nini watu wa Kairo huyasikia matetemeko ya Krete?

Kwa sababu bamba linalotikisika ndilo hilohilo lililo chini yao. Sakafu ya bahari baridi na imara hupitisha mitikisiko mbali bila kuimeza. Mei 2025 tetemeko la takriban 6 karibu na Kasos liliwaamsha watu Misri usiku.

Ni kweli Mediterania iliwahi kukauka, na Krete ina ushahidi?

Kati ya miaka milioni 5.97 na milioni 5.33 iliyopita, mlango wa bahari upande wa Atlantiki ulibanwa, maji yakawa yanakauka haraka kuliko yanavyoingia. Chumvi ikatuama, mahali pengine unene wake unazidi kilomita moja, na bado imelala chini ya sakafu ya bahari. Krete ilibakiwa na jasi. Kilima kilicho mkabala na Knossos kinaitwa Gypsades, na Waminoa walichimba huko jasi inayong'aa wakaitandika sakafuni na ukutani mwa kasri. Jasi huyeyuka kwa mvua, ndiyo maana sehemu zilizobaki wazi Knossos zinaonekana kama zimelambwa.

Mapango na makorongo yametoka wapi?

Chokaa huliwa na maji ya mvua, na chokaa iliyochanwa na nyufa huliwa haraka zaidi. Kwenye Milima Myeupe kuna pango la Gourgouthakas linaloshuka mita 1,208. Uwanda wa Lasithi, mita 840 hivi juu ya bahari, ni sahani iliyozungukwa na milima, haina mto wa kutokea. Maji yake huingia kwenye shimo na kupotea ardhini. Korongo la Samaria, kilomita 16 za kutembea, limechimbwa na mto ulioendelea kukata huku mlima ukiendelea kupanda, ndiyo maana kuta zake ziko wima na mahali pembamba kabisa zinaachana mita chache tu.

Karibu na Heraklion kuna chemchemi ya Almyros, jina lenye maana ya chumvi. Maji yanatoka mengi ajabu, lakini kiangazi yana chumvi kwa sababu bahari inaingia kwenye njia za chini kwa chini. Mvua za masika ya huko zikijaa milimani, msukumo unaongezeka na maji yanakuwa matamu. Mji wenye kiu uko jirani na mto ambao sehemu kubwa ya mwaka hauwezi kuunywa.

Nimesikia Krete kulikuwa na viboko. Kweli?

Kweli. Kwenye uwanda wa Katharo, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, yamechimbuliwa mifupa ya kiboko kibete. Mababu zake waliogelea au walisombwa hadi kisiwani. Bila simba wala fisi wa kuwatisha na chakula kikiwa kidogo, vizazi vikazidi kupungua kimo. Krete ilikuwa pia na mamothi kibete, jamaa wa tembo aliyekwisha kutoweka, mmoja wa wadogo kuliko wote waliojulikana.

Nikienda, nianzie wapi?

Psiloritis na Sitia zote mbili ni jiopaki za UNESCO, yaani maeneo yanayotunzwa kwa ajili ya jiolojia yake, zina mabango na njia zilizowekwa alama. Heraklion kuna Jumba la Makumbusho ya Viumbe na Maumbile la Krete lenye meza kubwa inayotikisika, watoto wanaketi juu yake kama darasani na kuonja tetemeko. Baada ya hapo nenda Vosakos ukaone mikunjo, kisha magharibi hadi Falasarna.

Fika Falasarna alasiri. Jua likiwa chini, mstari uliopauka unajitokeza kwenye majabali, na ukiweka mkono ndani ya mkato utahisi jiwe lilivyolainishwa na maji. Bahari yenyewe iko kule chini.